Sakafu ya Matawi Kumi na Tano

Mwanzoni mwa Mei 1959, theluji ya milima ya Ural ilipoanza kulainika, watafutaji waliona vijitawi vilivyokatwa kwa kisu vikichungulia karibu na korongo moja msituni. Wakafukua. Chini, kwenye kina cha mita mbili na nusu hivi, wakakuta sakafu: vilele 14 vya misonobari michanga na kimoja cha mti wa betula, vimelazwa kwa mpangilio kama mtu anavyotandika jamvi. Pembeni mwa sakafu hiyo palikuwa na nguo zimewekwa mahali pane, mithili ya vikalio vya watu wanne. Hakuna aliyekuwa amevikalia.

Wenyewe walikuwa mita sita hivi kutoka hapo, kwenye mkondo wa kijito, wamefukiwa na theluji iliyofika mita nne.

Msomaji akisikia jina la Dyatlov, kama amewahi kulisikia, hufikiria hema. Hema lililochanwa kutoka ndani, nyayo za watu wasio na viatu zikiteremka gizani. Hadithi hiyo imekwisha kusimuliwa kwa kila lugha yenye redio, na mara nyingi huishia palepale hemani, maana ndipo inapotisha. Nimeanza na sakafu kwa makusudi. Naamini kwamba swali gumu la kisa hiki liko korongoni, na kwamba waliolitafutia jibu mlimani wamekuwa wakichimba mahali pasipo.

Kwa asiyekijua kisa, nikieleze kwa ufupi. Igor Dyatlov, kijana wa miaka 23, alikuwa mwanafunzi wa Taasisi ya Ufundi ya Ural mjini Sverdlovsk, mji ambao leo unaitwa Yekaterinburg. Ni chuo kilekile alichohitimu Boris Yeltsin mwaka 1955. Dyatlov aliwakusanya wenzake kwa safari ya skii ya majira ya baridi, wakilenga mlima Otorten na, pamoja nao, daraja la tatu la usafiri wa milimani, lililokuwa la juu kabisa katika mfumo wa Kisovieti wa siku zile. Hawakuwa watu wa kubahatisha. Waliondoka kumi. Tarehe 28 Januari mmoja wao, Yuri Yudin, maumivu ya mgongo na viungo yalimrudisha. Akaishi hadi mwaka 2013. Tisa wakaendelea, wanaume saba na wanawake wawili.

Jioni ya tarehe 1 Februari wakapiga hema ubavuni mwa mlima Kholat Syakhl. Jina hilo la Kimansi, lugha ya wenyeji wa huko, limezoeleka kutafsiriwa "Mlima wa Wafu", tafsiri inayouza vitabu. Wenye lugha yao husema ni mlima mkavu, usio na mawindo. Urefu wake haufiki mita 1,100; kijiji cha Marangu, chini kabisa ya Kilimanjaro, kiko juu kuliko kilele hicho. Mtu wa kwetu aliyezoea kupima baridi kwa urefu wa mlima hapo hudanganyika. Huko ni nyuzi 61 kaskazini mwa ikweta, mahali ambapo Februari upepo unashuka usiku kutoka mgongoni mwa mlima na kipimajoto kinasoma nyuzi 25 au 30 chini ya sifuri.

Hema lilionekana tarehe 26 Februari. Makoti, mabuti na chakula vilikuwa ndani, pamoja na jiko alilolibuni Dyatlov mwenyewe, ambalo usiku ule halikuwashwa. Palikuwepo hata gazeti la ukutani walilojiandikia kwa utani, *Otorten ya Jioni*, toleo namba moja. Nyayo ziliteremka kuelekea msituni, za watu wanane au tisa wanaotembea, si wanaokimbia, wengi wakiwa na soksi tu. Kilomita moja na nusu chini, kwenye mwerezi mkubwa, palikuwa na majivu ya moto na maiti wawili waliobaki na nguo za ndani. Kati ya mwerezi na hema walikuwepo watatu, akiwemo Dyatlov, kila mmoja ameanguka mahali pake, kana kwamba walikuwa wakipanda kurudi. Wanne wa mwisho ndio hao wa korongoni.

Madaktari walisema sita waliuawa na baridi. Watatu, wote wa korongoni, walikufa kwa majeraha: Nikolai Thibeaux-Brignolle alikuwa na fuvu lililobonyea, Lyudmila Dubinina na Semyon Zolotaryov walivunjika mbavu kadhaa. Dk. Boris Vozrozhdenny, aliyewapasua, alishangaa kwamba nje hapakuwa na jeraha linalolingana na uharibifu wa ndani. Nguvu yenyewe akailinganisha na ya mtu aliyerushwa na gari linalokwenda kasi. Dubinina hakuwa na ulimi wala macho.

Ulimi huo ndio uliofungua mlango, na kila kiumbe kikaingia. Wakaja majitu ya theluji, majasusi, wafungwa waliotoroka, makombora ya siri. Wamansi, wenyeji wa misitu ile, wakahojiwa kwa kushukiwa kuwa wamelipiza kisasi cha mahali patakatifu, ingawa theluji haikuonyesha nyayo za mtu mwingine yeyote. Watu wakataja mianga iliyoonekana angani. Ilionekana kweli, na mashahidi walikuwa wengi, ila ilikuwa tarehe 17 Februari na tarehe 31 Machi, na hawa walikufa usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari. Ulimi wenyewe hauhitaji shetani. Maiti iliyolala miezi mitatu na uso wake kwenye maji yanayotiririka hupoteza kwanza nyama laini, na wanyama wadogo humaliza kilichobaki.

Nayasema haya bila kuwacheka Warusi. Sisi tukifika msibani, swali la kwanza ni "alikuwa anaumwa nini?", na marehemu akiwa kijana, lipo la pili linalosemwa kwa sauti ya chini nyuma ya turubai: nani? Kifo cha mzee tunamwachia Mungu. Kifo cha kijana mwenye afya lazima kiwe na mkono wa mtu. Hapa waliokufa ni vijana tisa kwa mpigo, wenye nguvu na elimu, na uchunguzi ukafungwa mwezi Mei 1959 kwa maneno yasiyozidi kusema kwamba walikutana na nguvu ya asili wasiyoiweza. Eneo likafungwa kwa wasafiri kwa miaka mitatu. Mzazi gani angelala na jibu hilo?

Tena waliokataa kuamini walikuwa na sababu zao. Septemba 1957, miezi 16 kabla, tangi la taka za nyuklia lililipuka katika kiwanda cha Mayak, huko huko Ural, na dola ikalinyamazia tukio hilo kwa miongo kadhaa. Yuri Krivonischenko, mmoja wa wawili wa pale kwenye mwerezi, alikuwa mhandisi huko. Mionzi iliyopatikana kwenye baadhi ya nguo za msafara haihitaji bomu la siri kuielezea. Mwaka 1979 vijidudu vya kimeta vikavuja kutoka kituo cha jeshi mjini Sverdlovsk kwenyewe, watu wasiopungua 66 wakafa, na wananchi wakaambiwa ni nyama mbovu. Ukweli ulikubaliwa mwaka 1992, na aliyeukubali ni Yeltsin, yule wa chuo kile. Mwongo akisema kweli siku moja, nani wa kumwamini? Hata Lev Ivanov, mwendesha mashtaka aliyelifunga jalada la Dyatlov, aliandika mwaka 1990 kwamba yeye mwenyewe aliamini matufe ya moto.

Basi turudi korongoni, kwenye theluji.

Kiswahili kina maneno mawili ya vitu hivi, na yote ni ya kuazima. Theluji tumeipata kwa Waarabu. Barafu asili yake ni Uajemi, ambako neno hilo ni theluji hasa, lakini likivuka bahari likawa la kwenye friji. Maneno mawili yanatutosha. Hatuna neno la theluji iliyoshindiliwa na upepo mpaka ikawa bamba linalogonga kama mbao, wala la theluji iliyo ngumu juu na tupu chini kwa sababu maji yanapita. Mtu wa Ural anazo tofauti hizo mikononi, na usiku ule maisha yalizitegemea.

Theluji, kwa ajabu yake, ni blanketi. Imejaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Nje pakiwa na nyuzi 25 chini ya sifuri, watu wanne wakibanana ndani ya pango la theluji wanaweza kuifanya hewa ikaribie sifuri kwa miili yao tu. Sifuri si starehe, lakini mtu anaweza kuvumilia mpaka asubuhi. Muhimu zaidi, upepo unakatika. Masharti ni mengi: usikae juu ya theluji yenyewe, weka matawi, usitoe jasho wakati wa kuchimba, maana nguo mbichi ni kifo, acha tundu la hewa, na paa liwe na mviringo wa kujishikilia. Kufunikwa na kufukiwa ni maneno jirani, na pangoni kinachoyatenganisha ni paa hilo.

Sasa tazama walichofanya wale wanne. Moto uliwashwa chini ya mwerezi, mahali palipo wazi; kuni zilipatikana kwa kuvunja matawi hata kwenye kimo cha mita tano. Wao wakaona moto ule hautoshi, maana upepo unalipeperusha joto lote. Wakashuka mita 75 hivi hadi korongoni, palipo na kinga. Wakakata vilele 15, wakavikokota, wakavitandika. Watu husema walitoka hemani wakiwa wamepagawa. Aliyepagawa hatandiki matawi. Ni kazi ya mtu anayejua hasa anachokifanya, mikono ikiwa imekufa ganzi, gizani, na miongoni mwao alikuwepo Zolotaryov, askari wa vita vya Hitler, aliyekuwa anatimiza miaka 38 siku hiyohiyo ya tarehe 2 Februari.

Hapo ndipo ninapotofautiana na jibu linaloheshimiwa zaidi leo. Urusi ililifungua upya jalada mwaka 2019, na Julai 2020 ofisi ya mwendesha mashtaka ikatangaza kwamba ni maporomoko ya theluji. Wengi wakaguna: mteremko ule si mkali, waliofika hawakuona dalili za poromoko, na hema lilikuwa bado limesimama kwa sehemu. Januari 2021 wanasayansi wawili walio Uswisi, Johan Gaume na Alexander Puzrin, wakajibu hoja hizo moja baada ya nyingine. Mteremko chini ya theluji, walisema, ulifika nyuzi 28. Vijana waliukata ili kupata mahali pa kuliweka hema, na mojawapo ya picha zao za mwisho inawaonyesha wakichimba. Upepo wa usiku ukarundika theluji juu ya mkato huo, na kati ya saa 7 na nusu na saa 13 na nusu baadaye bamba dogo likakatika, la mita chache tu, ambalo theluji ya wiki tatu zilizofuata ingelifuta lisionekane. Gaume aliazima hata programu ya kompyuta iliyotengenezewa theluji ya filamu ya katuni ya *Frozen*, na vipimo vya mbavu kutoka majaribio ya ajali za magari yaliyofanywa na General Motors miaka ya 1970. Matokeo yao: bamba kama hilo likimwangukia mtu aliyelala chali juu ya skii zilizotandazwa chini ya hema, linaweza kumvunja mbavu na fuvu bila kumuua palepale.

Ni kazi nzuri, na kwa swali la hema nimeikubali. Inaeleza kwa nini watu wenye akili walichana turubai lao na kutoka bila viatu: waliogopa bamba la pili. Wenyewe wana heshima ya kusema hawajatatua kila kitu. Tatizo ni pale majeraha ya korongoni yanapopandishwa mlimani.

Fikiria suruali. Dubinina alipatikana na suruali ya Krivonischenko, iliyoungua. Wale wawili wa pale kwenye mwerezi walivuliwa, na nguo nyingine zilikatwa kwa kisu. Wapo wanaokufa kwa baridi ambao dakika za mwisho huhisi moto mwilini wakajivua wenyewe, lakini anayejivua hazikati nguo zake vipande na kuzisambaza kwenye sakafu ya korongoni. Wenzao walizichukua walipokwisha kukata roho. Kwa hiyo wawili wale walitangulia, baada ya saa kadhaa za moto na kupanda mti, na Dubinina alikuwa hai baada yao, kwa sababu hakuna anayempa maiti suruali ili asipate baridi. Na Dk. Vozrozhdenny alipoulizwa mwezi Mei 1959 mwanamke huyo angeishi muda gani baada ya majeraha yale, huku damu ikiwa imevuja ndani ya moyo wake, alisema dakika 10 hadi 20. Kuhusu Thibeaux-Brignolle alisema asingeweza kutembea, hata kwa kushikwa.

Daktari anaweza kukosea. Watu wametembea na mbavu zilizovunjika, na kama Zolotaryov angekuwa peke yake ningenyamaza. Lakini ni watatu, kilomita moja na nusu, usiku, na nyayo hazikuonyesha mtu aliyekokotwa. Ninaona rahisi zaidi kuamini kwamba walifika korongoni wazima, wakafanya kazi, wakavaa nguo za marehemu, na ndipo theluji ikawaangukia.

Uzito unatosha. Theluji iliyoshindiliwa na upepo ina kilo 300 hadi 400 kwa kila mita ya ujazo. Kina cha mita tatu juu ya mita moja ya mraba ni kama tani moja, uzito wa gari dogo, na gari ndilo lililomjia daktari akilini. Mzigo laini ulioenea, ukimkandamiza mtu juu ya mawe ya kijito, huvunja mbavu bila kuchana ngozi, na hiyo ndiyo iliyomshangaza. Maji ya kijito hula theluji kutoka chini. Juu linabaki daraja ambalo kwa macho ni ardhi. Ukichimba kando yake, au ukiwa na watu wanne juu yake, linaingia ndani, nao wanaingia nalo.

Si mimi wa kwanza kusema hivi. Mwaka 2019 msafara wa Waswidi na Warusi ulikwenda pale majira ya baridi, na Waswidi wakakumbuka jambo la kwao: Februari 1978, katika milima ya Anaris, wasafiri tisa wa skii walikumbwa na upepo wa ghafla, wakajaribu kujichimbia theluji, wakafa wanane. Kwa maoni ya msafara huo, upepo wa aina hiyo ndio uliowatoa akina Dyatlov hemani, na kimojawapo cha vibanda walivyochimba ndicho kilichowaangukia wale wanne. Kuhusu upepo sina hakika. Bamba la Gaume linanishawishi zaidi. Kuhusu kibanda, nipo nao.

Likikubaliwa hili, usiku ule unageuka sura. Makosa yalikuwa ya jioni, kulipiga hema mahali pa wazi. Huko chini hawakukosea. Watatu waliojaribu kulirudia hema walikuwa na hoja, maana nguo zote zilikuwa huko. Wawili waliobaki na moto walikuwa na hoja. Wanne waliochimba walichagua njia ambayo mwalimu yeyote wa milimani angewapa alama za juu, na kati ya makundi yote matatu ndio waliokuwa karibu zaidi na asubuhi.

Lakini ile sakafu bado inanisumbua. Kama kibanda kiliwaangukia, kwa nini hawakuwa juu ya matandiko yao? Mita sita si hatua mbili. Labda sakafu ilikwisha tandikwa na wao wakawa wanapanua mahali, au wanafuata matawi zaidi upande wa kijito. Labda walikuwa wanambeba mwenzao. Labda walisikia maji chini wakataka kujua yako wapi. Zolotaryov na Alexander Kolevatov walikutwa kifua kwa mgongo, kama watu wanaopeana joto, na Kolevatov hakuwa na majeraha makubwa kama ya wenzake. Yeye aliuawa na baridi. Yaani baada ya kishindo alibaki mmoja aliye hai, amemkumbatia mwenzake, na nguo kavu za kukalia zikiwa zimewekwa tayari mita sita kutoka alipokuwa.